Mama Mshirika na Vitu Vinavyoharibika

Hakukopesha. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mgeni aliambiwa alipoulizia nyumba yake pale Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Ukienda kwake kutaka mkopo alikukaribisha, akakupa kiti, akakuuliza habari za nyumbani, halafu akakuelekeza kwa upole kwa mwenye duka la chumvi aliyekopesha kwa riba kali. Yeye aliingia ubia. Fedha yake ikiingia katika kazi yako, naye aliingia. Mkipata mlipata wote, mkipoteza mlipoteza wote, wala hakuja mlangoni kwako kudai. Ndiyo maana watu walimwita Mama Mshirika, au kwa matamshi ya mpakani, Mama Mushirika. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, kanisani, na sioni haja ya kuliandika.

Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ambo, upande wa Butembo, mmoja wa wale waliovuka mpaka katika miaka ya sitini Kongo ilipochafuka. Fedha aliyoiweka kwetu haikuwa yake yote. Nyuma yake walikuwapo watu wa Butembo na Beni: wajane, wachuuzi wa vitambaa, Mgiriki mmoja mnunuzi wa kahawa, ambao walimpa akiba zao azitafutie kazi zenye maisha. Kila mwaka kabla ya Krismasi alivuka kwenda kuwaeleza fedha yao ilikolala. Siku hiyo alivaa gauni lililochakaa kuliko yote. Nilimuuliza kwa nini, nikidhani anaogopa wanyang'anyi wa njiani. Akasema hapana, anawaogopa wenye fedha. Wakimwona amenawiri watadhani amekula.

Miaka ile mwenye fedha Kasese alinunua kahawa, au pamba, au alifungua baa karibu na kambi ya askari, na watu wengi walimshauri afanye vivyo hivyo. Hakutaka. Alikuwa na maneno yake ambayo sote tulioshirikiana naye tuliyajua kwa moyo.

"Mutu anaharibika, mashini inaharibika," alisema. "Miye naweka feza kwa ule mwenye kutengeneza."

Basi washirika wake walikuwa watu wa kutengeneza. Mmoja alikuwa katika mji wa Hima, akichomelea springi za malori yaliyobeba saruji. Mwingine aliuza miwani sokoni, akiwapima wazee macho kwa kuwapa sindano na uzi watunge. Katika Bwera yenyewe alikuwapo mkunga, mwanamke wa Nyakiyumbu aliyesomea kazi hiyo hospitali ya misheni kisha akagombana na masista. Mama Mshirika alimjengea kliniki ya vyumba vitatu, akanunua vitanda na friji ya mafuta ya taa ya kutunzia dawa. Na Kasese nilikuwapo mimi, fundi redio. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikajifunza redio kwa masomo ya posta, nikaweka meza yangu kwenye baraza la mshona nguo.

Jinsi alivyonichagua niliijua baadaye. Alikuja akaketi kwenye benchi pamoja na wateja, bila kusema ni nani, asubuhi mpaka jioni, akifuma kitambaa. Kesho yake akarudi. Nilidhani anamsubiri mshona nguo. Siku hizo mbili nilitengeneza redio nyingi, na niliona fahari, maana watu walinisifu kwa sauti. Yeye hakuinua macho. Siku ya tatu alikuja mfanyakazi wa reli na redio kubwa ambayo sikuiweza. Nilihangaika nayo hadi alasiri, kisha nikamwambia wazi kwamba imenishinda. Nikamrudishia kila skrubu imefungwa katika karatasi, nikamtajia fundi wa Fort Portal ambaye huenda angeiweza. Ndipo yule mama akakunja kitambaa chake, akavuta kiti.

Baadaye alinieleza kwamba hakuwa na haja ya kumwona mtu akiweza, kwa sababu kila mtu ana siku anayoweza. Alitaka kumwona akishindwa, ajue wakati huo anafanya nini.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Alikuwa na fedha katika redio lakini hakuweza kukaa chumba kimoja na redio inayosema. Alisema sauti ya mtu asiyekuwapo inamfanya ahisi kwamba mtu huyo amekufa. Alijenga kliniki lakini aliogopa sindano kuliko mtoto. Mwaka mmoja alipougua malaria, mkunga alimfuata nyumbani na bomba la sindano, akamkuta amejifungia jikoni, akisema kupitia mlangoni kwamba amekwisha kupona. Mkunga akamjibu kwamba sauti ya mgonjwa anaijua, na kama hafungui atamwita padri aje amchome yeye. Mlango ukafunguka.

Alisali rozari kila siku na hakuruhusu matusi mbele yake, lakini alipopatana bei na wachukuzi wa mpakani Mpondwe alikuwa na ulimi ambao sitauandika hapa. Sabuni ya kufulia aliikata vipande vidogo kwa wembe, akampa mfanyakazi kipande kimoja kwa wiki. Lakini mwanamume mmoja wa Rukoki aliyekuja na habari ya kufunga dinamo ya baiskeli kwenye kijito ili achaji betri za redio za kijiji kizima, alimpa fedha bila kuuliza mara mbili. Mvua ikanyesha mlimani, kijito kikafurika, kikachukua dinamo, gurudumu na kibanda. Mwenyewe alikuja Bwera kumweleza. Mama Mshirika alimsikiliza, akacheka hadi akashika ubavu, akamwekea sahani ya ugali wa muhogo na samaki wa Katwe. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani na kilemba cheusi. Tuliomjua tulielewa. Kazi iliyokufa aliivalia kilemba cheusi Jumapili moja, na baada ya hapo hakuitaja tena.

Jambo ambalo sijaliona kwa mtu mwingine yeyote ni namna alivyoongoza baraza la washirika. Palipokuwa na neno la kuamua, kuongeza kitanda, kubadili bei, kumwingiza mtu mpya, alituita nyumbani kwake, akatandika mkeka, akamwaga maharage kwenye ungo mpana katikati yetu. Tulichambua huku tukisema. Mawe huku, mabovu kule. Alisema mtu mwenye kazi mikononi hawezi kumpiga mwenzake wala kupiga meza. Na kweli, nimewahi kugombana na yule mkunga juu ya friji, ambayo niliitunza mimi na aliitumia yeye, mpaka nikasahau adabu, lakini vidole vyangu viliendelea kutafuta mawe. Maharage yakiisha, neno liwe limekwisha. Kama halikuisha, alileta mengine.

Na sheria yake moja ambayo haikuvunjwa ilikuwa hii: mtu wa tatu haingii katika ubia kabla wenye ubia hawajaketi.

Mimi niliivunja.

Nieleze kwanza habari ya jina. Mama Mshirika alikuwa mgeni mwenye karatasi za ukimbizi, na kliniki haingeweza kuandikwa kwake. Mkunga hakutaka jina lake liwe kwenye leseni, kwa sababu mume aliyeachana naye angelitumia kudai nusu. Basi kliniki iliandikwa kwa jina langu, kijana wa hapa, mwenye cheti cha shule. Tuliamua hivyo juu ya ungo wa maharage, na tuliamua pia kwamba mtu yeyote wa serikali akiuliza kliniki ni ya nani, nitajibu ni yangu. Kwa muda mrefu nilijibu hivyo bila shida. Nadhani nilijibu hivyo mara nyingi kupita kiasi. Neno "yangu" ukilisema kila wiki linakuzoea.

Serikali ya jeshi ilipokuja, na hasa baada ya Wahindi kuondolewa, mji wa Kasese ulijaa maduka yasiyo na wenyewe na askari wenye funguo. Sajini mmoja wa kambini alianza kuniletea redio yake. Alikuwa mtu wa mbali, mrefu, mpenda mzaha, na hakulipa. Siku moja aliketi juu ya meza yangu, si kwenye benchi.

"Wewe fundi. Nasikia iko na hospitali kule Bwera."

"Ni kliniki ndogo tu, afande."

"Ya nani?"

"Yangu, afande."

"Haya. Sasa iko yetu, mimi na wewe. Na wewe nataka duka ya Muhindi, ama hapana?"

Alinionyesha kwa kidole duka lililokuwa ng'ambo ya barabara, lenye madirisha ya kioo. Nililiona kila siku kutoka barazani kwangu.

Watu wakisimulia mambo ya miaka ile husema waliogopa, na ni kweli, niliogopa. Bunduki yake ilikuwa imeegemea kiti changu. Lakini hofu ilikuwa nusu tu. Ningeweza kumwomba siku mbili. Yule sajini alikuwa na subira siku hiyo, alikuwa anacheka. Malori yalikwenda Bwera kila siku. Ningekwenda, tungeketi, na Mama Mshirika, aliyewapita maofisa wa nchi mbili, angepata njia. Nusu ya pili ilikuwa madirisha yale.

"Nataka, afande," nikasema. Mchana huohuo tukaandika jina lake kando ya langu kwenye leseni.

Wiki iliyofuata alikwenda Bwera kuiona kliniki. Nilimtembeza mwenyewe. Mkunga alikuwa na wagonjwa, akatusalimu kwa kichwa tu. Mama Mshirika alikuwa ameketi nje kwenye benchi pamoja na wanawake, kitambaa mkononi, kama mgonjwa mwingine yeyote. Jioni, sajini alipoondoka, nilikwenda kumweleza. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza neno moja.

"Uliandika jina?"

"Niliandika, Mama."

"Bon," akasema, yaani vema kwa Kifaransa. Akatengeneza kitenge chake begani, akaniuliza kama kikohozi cha mke wangu kimepungua.

Siku ya soko iliyofuata nyumba yake ilikuwa imefungwa, na mkunga pia hakuwapo. Sajini hakujali. Alileta familia ya kaka yake ikakaa katika vyumba vitatu vya kliniki. Friji ilikwenda kwenye mesi ya kambi kupoza bia. Mimi nilipewa duka la vioo, nikakaa ndani yake kama samaki ndani ya chupa, rafu tupu pande zote, kwa sababu shehena ilikwisha wiki ile ya kwanza na hakuna aliyejua Wahindi walikuwa wakiagiza wapi. Msimu mmoja haukwisha, sajini alihamishwa, mwingine akachukua funguo, nami nikarudi kwenye baraza la mshona nguo na meza yangu.

Haya yote ningeyabeba. Jambo ambalo sikuweza kulibeba ni habari niliyoisikia kwa dereva wa lori, aliyeisema bila kujua mimi ni nani. Alisema mwanamke mmoja wa Nyakiyumbu alifika kwenye ile kliniki akiwa na uchungu wa kuzaa, akakuta watoto wa askari wanacheza mlangoni. Aliambiwa hapa hakuna mkunga, ni nyumba ya afande. Aligeuzwa. Dereva hakujua aliishia wapi. Alisema njiani hakuonekana tena.

Sikuuliza. Ningeweza kumuuliza mtu yeyote wa Bwera, na sikuuliza, miaka yote iliyobaki ya serikali ile. Mtu akianza kuzungumza habari za Nyakiyumbu nilileta habari nyingine. Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa mwisho sikuweza kukaa karibu na nyumba. Nilitembea hadi stesheni ya reli nikakaa pale bila kungoja treni yoyote. Nilitengeneza redio za watu na nilikuwa nimemtia mwanamke kaburini kwa kalamu. Ndivyo nilivyojiambia.

Askari walipokimbia mwaka wa vita vilivyoiangusha serikali ile, wakipita Kasese na magodoro juu ya magari ya watu, kliniki ilibaki tupu na jina langu peke yake likabaki juu yake. Nikaona siwezi kuendelea kuwa mwenye kliniki ile bila kujua. Nilipanda lori la Mpondwe siku ya soko, nikavuka mto Lubiriha na wachuuzi, nikaanza kuuliza upande wa pili. Sikuhitaji kuuliza sana. Mwuza mihogo wa kwanza alinionyesha kwa kidole: nyumba ya matofali nyuma ya soko, yenye wanawake wengi barazani.

Mkunga ndiye aliyetangulia kuniona. Alikuwa akimwaga maji, akasimama na beseni mkononi.

"Fundi," akasema. "Umezeeka vibaya. Au ni njaa?"

Sikuweza hata kumaliza salamu. Nilimuuliza juu ya yule mwanamke wa Nyakiyumbu, yule aliyegeuzwa mlangoni mwa kliniki. Nadhani ilimbidi akumbuke kwanza ni yupi kati ya wengi.

"Yule wa baiskeli? Shemeji yake alimleta hapa siku hiyohiyo. Alinitukana toka mlangoni mpaka mtoto alipotoka. Ni mvulana, mkorofi kama mama yake, sasa yuko shule. Kwani walikwambia nini?"

Nilikaa chini pale pale palipomwagwa maji. Sikulia. Wanawake wa barazani walicheka, mmoja akauliza kama nami nimekuja kujifungua, na mkunga akawajibu kwamba ndivyo anavyoona, na ni mapacha.

Ndipo nikapata habari yote. Siku ile sajini alipokuja kuiona kliniki, Mama Mshirika alimtazama kutoka kwenye benchi. Akaona kwamba alihesabu milango wala hakumtazama mgonjwa hata mmoja. Kabla sijafika kwake jioni ile kumpa habari, alikuwa amekwisha kuamua. Vyombo, dawa na vitambaa vilivuka katika magunia ya mkaa, kidogo kidogo, na mkunga akavuka mwisho. Wanawake wa Bwera na Nyakiyumbu walijua pa kwenda. Miaka yote ile walivuka kwa njia za panya, wakajifungua, wakarudi na watoto mgongoni kama watu waliotoka sokoni. Niliuliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Mkunga akanijibu bila ukali: nani angemwambia mshirika wa afande?

Mama Mshirika nilimkuta chumba cha nyuma. Macho yalikuwa yamemchoka, miwani yake ilikuwa mizito, lakini alinitambua kwa hatua. Mbele yake aliketi kijana nadhifu, mtu wa Beni, aliyetaka fedha ya kununua mashine ya kuchongea meno ya bandia. Nilipiga magoti, nikaanza maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima kutoka Kasese. Hakuniacha nifike mbali.

"Uliogopa bunduki. Nani haogopi? Na ukapenda duka. Nani hapendi? Ulimupatia ule askari kuta. Kazi ilibaki na siye. Simama, magoti yako inakaza."

Nikamwambia kwamba hata hivyo kosa ni langu, na nimekuja kulichukua.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena ili anione.

"Ile kosa ni ya siye bote. Miye ndiye nililipa mingi kupita weye. Sasa unataka kurudi nayo Kasese peke yako, ikae bure?" Akanielekeza kwa kidevu upande wa yule kijana. "Huyu mutoto iko na mukubwa moja wa serikali mwenye kutaka kuingia naye katika kazi. Anasema ni bahati. Kaa hapa. Mwambie."

Kijana aliniangalia suruali yangu iliyolowa, akaangalia pembeni. Nilivuta kiti. Nikamuuliza kwanza kama amekwisha kumpa jibu huyo mkubwa wake.

"Bado," akasema.

Mama Mshirika akaegemea ukuta, akachukua kitambaa chake cha kufuma. Nami nikaanza kumweleza yule kijana, tangu siku ile redio ya sajini ilipofika mezani kwangu.